Shamba Lililofagiwa

Chwa. Chwa. Chwa.

Hata jogoo hajakohoa, na mama mkwe wangu ameshaanza. Nimelala gizani na Antonia kifuani, nausikia ufagio wa chelewa ukikwangua uwanja kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mpapai, kisha ukirudi. Hakuna kilichoanguka usiku. Mpapai wenyewe una majani saba, nimeyahesabu. Lakini Bibi Lusia hafagii uchafu. Anafagia ili wapitao asubuhi waione mistari ya ufagio mchangani, waseme humu anakaa mtu.

Hapa Mitole mwanamke anapimwa kwa mistari hiyo. Unaweza kuwa mchoyo, unaweza kuwa msengenyaji, unaweza kumpiga mtoto wa mwenzio kwa sababu ya embe bichi, lakini kama uwanja wako una mistari, wewe ni mwanamke wa maana.

Na shamba ni vilevile. Shamba la mtu mwenye heshima ni lile ambalo ukilitazama huoni kitu ila udongo. Amefyeka, amekusanya, amechoma, amelima, amevunja mabonge, limebaki tupu kama kichwa kilichonyolewa. Watu wanasimama njiani wanasema, "Aa, safi." Jua nalo linasema hivyohivyo, halafu linaanza kazi yake.

Niseme mapema: niliwadharau. Wao pia walinidharau, na wao ndio walioanza, ila sitajitetea kwa hilo.

Jina langu Restuta. Nimeolewa na Modesti, kitinda mimba wa Bibi Lusia, fundi mwashi. Tulipokuwa tukiishi Kilwa Masoko nilisoma masomo ya jioni. Watoto wenye sare wakitoka, tunaingia sisi: wauza samaki wawili, dereva wa bodaboda, mgambo mmoja aliyekuwa akisinzia tangu kipindi cha kwanza, na mimi na Antonia mgongoni. Usanisinuru niliujua huku nanyonyesha. Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Stella, alikuwa na bustani nyuma ya darasa, na hakuwa na jembe la kulimia. Alipanda marejea. Ni mmea wa jamii ya kunde, unasimama wima mpaka unampita mtu, unatoa maua ya njano. Huuli wewe, unaliwa na udongo. Ukishachanua unaulaza chini, unakauka palepale kama mkeka, na wewe unatoboa vishimo katikati ya mkeka huo na kupanda mboga au matikiti bila kulima hata tuta moja. Siku ya kwanza Mwalimu Stella alinishika mkono akauingiza chini ya yale majani makavu. Ilikuwa mwezi wa tisa, mchana. Udongo ulikuwa na ubaridi wa mtungi.

Sikuusahau ule ubaridi.

Modesti alipopata kazi ya kujenga Rasbura, kule Lindi mjini, nikaletwa Mitole kwa mama yake. Hapo ndipo habari ya shamba ilipoanza. Marehemu baba mkwe aliacha eka moja bondeni, karibu na kijito, na mwenye kauli juu ya eka hiyo ni Bibi Lusia. Inapakana na shamba la shemeji yangu mkubwa, Faustino. Faustino ana pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Tangu aipate ile mashine hajavua mabuti ya mpira, hata kanisani anayo. Aliitaka ile eka kwa sababu moja aliyoisema mwenyewe bila haya: pawatila yake ikifika mpakani inambidi aigeuze, na kugeuza kunamchosha.

"Msimu mmoja," Bibi Lusia alisema. "Mke wa Modesti alime msimu mmoja. Matikiti yakiiva tutakutana palepale shambani, nitatamka ni ya nani."

Kama ingekuwa ya Faustino, mimi na Antonia tungemfuata Modesti Rasbura. Nilimuuliza kwenye simu kuhusu chumba chake.

"Kizuri tu," akasema.

"Kina dirisha?"

"Kina tundu."

"Na nje pana mahali pa kupanda hata mchicha?"

Nikasikia mtu anachanganya zege. Nikajua kwamba mwanangu atakua ndani ya chumba chenye tundu au atakua bondeni, na kitakachoamua ni matikiti.

Nikapanda marejea mwezi wa pili, mbegu nusu gunia, zawadi ya Mwalimu Stella. Masika ilipokuwa inaelekea ukingoni yalikuwa yamenipita kichwa. Siku moja Faustino akaja na dada yake Devota, wifi yangu, wakasimama mpakani.

"Hodi humo msituni!" Faustino akaita. "Shemeji, umeona nyani wangapi leo?"

"Mmoja tu. Amevaa mabuti."

Devota akacheka kabla hajakumbuka yuko upande gani. Halafu akakunja uso. "Wifi, hebu nieleweshe mie nisiyesoma. Hiki kinaliwa?"

"Hakiliwi."

"Maua yake yanauzwa?"

"Hayauzwi."

"Kwa hiyo umepanda majani."

"Nimepanda majani."

"Kweli jioni si wakati wa kusoma," akasema. "Akili imeshachoka."

Wakaondoka wakicheka, na hata nilipokuwa siwaoni nilisikia mabuti ya Faustino, pwata, pwata, mtu mzima na vyombo vya mpira miguuni asiyejua udongo wake una joto au baridi. Sikuwaeleza kitu. Nilijiambia, mtu anayeona tabu kugeuza mashine, kichwa chake atakigeuzaje?

Kazi kubwa ya marejea ni kujua siku ya kuyalaza. Ukiwahi, shina bado laini, linainuka tena kesho yake kama mlevi, na matikiti yako yatagombea maji nalo. Ukichelewa, vitumba vya mbegu vinakauka na kupasuka, mbegu zinamwagika, msimu ujao umejipandia magugu kwa mkono wako. Siku yenyewe ni pale maua yamefunguka nusu na vitumba ni vichanga, ukivibonyeza vinatoa maji. Kila alfajiri, ufagio wa Bibi ukianza, mimi na Antonia tulishuka bondeni kukagua. Ana miaka minne. Alipewa kazi ya kuvibonyeza vitumba.

"Maji," ananiambia. Kesho yake, "Maji." Siku ya kumi akasema, "Mama, hiki kigumu kidogo," nikajua leo ndiyo leo.

Nilichukua ubao, nikafunga kamba huku na huku kama bembea. Unauweka mbele, unaukanyaga kwa nguvu, mashina yanalala na kuvunjika kiunoni bila kukatika, unauvuta kwa kamba hatua moja, unakanyaga tena. Siku mbili nzima. Jerome wa dukani alipita na baiskeli akasimama kutazama.

"Mama Antonia, hiyo ngoma ya wapi?"

"Ya Masoko."

"Haina mpigaji?"

"Mpigaji ni mgongo wangu. Pita."

Mkeka ukalala. Niliuacha wiki mbili ukauke kabla ya kupanda. Katika wiki hizo Bibi Lusia aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua kisamvu, akasema bila kuniangalia, "Yale majani utayachoma lini, mwanangu?"

"Hayachomwi, mama," nikajibu.

Basi. Sikuongeza neno. Ningeweza kuweka ungo chini, nikamwambia kwa nini. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka. Lakini nilimwona kama mtu wa kufagia mchanga, na mtu wa kufagia mchanga utamweleza nini habari ya kufunika udongo? Nikaendelea kuchambua.

Katikati ya wiki ya pili nikaitwa Masoko kuchukua cheti changu. Nililala huko usiku mmoja, Antonia nikamwacha kwa bibi yake. Nilirudi kesho yake alasiri kwa bodaboda, cheti kimefungwa ndani ya kanga kifuani, na njia nzima nilikuwa nawaza nitakitundika wapi. Antonia akanikimbilia barabarani, miguu yake nyeusi kwa majivu.

"Mama! Tumefagia shamba lako!"

Nilidhani ni michezo yao. Nikamuuliza, shamba gani? Akaonyesha bondeni.

Nusu ya eka ilikuwa tupu. Imekwanguliwa kwa reki, imepitishwa fagio, ina mistari. Nasema kweli, ina mistari ya chelewa, shamba! Marejea yangu yalikuwa rundo la majivu pembeni, bado yanafuka. Nusu ya pili, ya upande wa kijito, ilikuwa haijaguswa.

Bibi Lusia alikuwa amekaa kwenye kizingiti anajikanda magoti. Nilisahau hata kumwamkia. Akaanza yeye.

"Umerudi. Pole na safari."

"Mama, nani kafanya?"

"Mimi. Nikawaita na wenzangu, tulikuwa wanawake saba. Nimewapikia ubwabwa." Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. "Nimekuonea uchungu, mwanangu. Watu wanapita wanacheka. Wanasema mke wa Modesti kashindwa kulima, kaliangusha pori kaliacha. Na siku ya kuamua inakuja, Faustino ataonyesha uchafu ule, mimi nitasema nini? Nikasema nimsafishie, akija akute pazuri."

Magoti yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa ameinama tangu asubuhi kuniharibia, kwa mapenzi. Sikujua niweke wapi hasira yangu. Nikamgeukia Devota, aliyekuwa anasugua sufuria.

"Na nyie mbona hamkumaliza?"

"Tumalize tufe?" Devota akasema. "Tumefika katikati, katoka nyoka! Mkubwa kama mguu wangu huu. Nimekuambia majani yale yanafuga nyoka. Tumekimbia wote, Mama Valentini kaacha na kiatu."

"Alikuwa guruguru," Antonia akasema.

"Wewe mtoto ulijuaje?"

"Ana miguu."

Wanawake saba, wazima, wamekimbizwa na mjusi mnene aliyekuwa anatafuta wadudu wake. Usiku ule nililia kidogo, halafu nikacheka, halafu nikakitoa cheti ndani ya kanga nikakiweka chini ya godoro. Hakikuwa na mahali pa kutundikwa.

Modesti aliponipigia aliniambia nikubali tu, niite pawatila ya kaka yake ilime nusu ile, angalau ionekane shamba. Nikakataa. Mwalimu Stella alikuwa akituambia kwamba ukitaka kujua kitu, weka viwili pamoja, vipe sawasawa, kisha ukae kimya utazame. Basi wameniwekea viwili pamoja, bila kujua. Nilipanda matikiti nusu zote mbili siku moja, mbegu za pakiti moja, hatua mbilimbili. Kutoka kijitoni nilibeba maji ndoo kumi upande uliofagiwa, ndoo kumi upande uliofunikwa, siku zilezile. Sikupendelea. Mungu anajua nilitamani kupendelea upande ule mtupu, kwa maana uliniuma kama mtoto mgonjwa.

Mwanzoni upande uliofagiwa ulinitia aibu. Miche yake ilitoka siku mbili mapema, imejipanga mistari, inapendeza. Kwenye mkeka majongoo walinikatia miche kumi na minne, nikarudishia. Mchwa nao wakaja kula marejea. Faustino alipita na mabuti yake, akatazama, akasema, "Shemeji, mama kakuokoa," na kwa wiki tatu nzima ilionekana ni kweli.

Shamba lake yeye lilikuwa limelimwa mara mbili. Udongo laini kama unga wa muhogo. Alipanda matikiti pia, eka moja na nusu, na alikuwa akiwaleta watu wa kanisani kuliona. Wanasimama mpakani, mikono nyuma. "Aa, safi." Halafu wanageuza macho kwangu, wananyamaza kwa adabu, kama wamemwona mtu kajikwaa.

Mvua ya mwisho ilinyesha mwanzoni mwa Juni. Baada ya hapo hakuna kilichodondoka kutoka mbinguni zaidi ya jua na upepo wa kusi.

Unga wa Faustino ukashika ukoko. Ukoko ukapasuka. Akapita tena na pawatila katikati ya mistari kuupasua vizuri, eti ardhi ipumue, na ikapumua kweli, ikatoa maji yote iliyokuwa nayo. Kufika mwisho wa Julai majani ya matikiti yake yalikuwa yanajikunja saa nne asubuhi. Nusu yangu iliyofagiwa ilikuwa ndugu yake: mashina membamba, matikiti kama ngumi, mengine yamebabuka upande wa jua. Sikufurahi. Ile nayo ilikuwa yangu.

Upande wa mkeka, saa nane mchana, majani yalikuwa yamekunjuka. Matunda yalikaa juu ya marejea makavu, hayakugusa udongo, hayakuoza tumbo. Nilikuwa nikiingiza mkono chini, naukuta ule ubaridi wa Mwalimu Stella. Antonia alijifunza kugonga matikiti kwa kidole na kusikiliza. Likiiva linalia puu, bichi linalia ti. Nikifikiria chumba cha Rasbura, nilimwona akigonga ukuta.

Siku ya kuamua tulishuka wote Jumapili, baada ya misa. Modesti alikuwa amekuja kutoka Lindi na sare yake ya chokaa kwenye kucha. Faustino alikuwa na vigingi vinne begani, tayari kwa kupima. Devota alileta mwamvuli. Bibi Lusia alikuja na ufagio, sijui kwa nini, nadhani mkono wake ulizoea.

"Mama," Faustino akaanza, kigingi cha kwanza kikiwa tayari ardhini, "tusipoteze muda. Upande huu umekufa, unauona. Upande ule una nafuu kwa sababu uko karibu na kijito na marehemu alikuwa anafunga mbuzi pale. Ni mbolea ya mbuzi, si majani. Pawatila iko tayari. Keshokutwa nalima yote."

"Mbuzi walifungwa huku," Bibi akasema, akaonyesha upande uliofagiwa. "Niliwakamua mimi."

"Basi ni kijito."

"Shemeji," nikasema, "shamba lako nalo linafika kijitoni. Mbona kijito hakikufanyi lolote?"

"Wewe na vitabu vyako vya jioni—"

"Sijataja kitabu. Nimetaja kijito."

Modesti akakohoa kuficha kicheko. Faustino akapiga kigingi cha pili kwa nyuma ya panga, kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, nimeyanoa miezi mitatu, ya mabuti, ya ukoko, ya wanawake saba na mjusi. Nikamwona Bibi Lusia anainama kushika goti, nikayameza. Nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile ya kisamvu.

"Mama, njoo," nikamwambia. "Vua ndala."

Akanitazama. Akavua. Nikamshika mkono wa kushoto, Antonia akashika wa kulia ulio na ufagio, tukakanyaga upande uliofagiwa. Saa saba mchana. Hatua ya tatu Bibi alikuwa ameanza kurukaruka kama anayekanyaga chapati kikaangoni. Tukaingia kwenye mkeka. Akasimama. Akaikanyagakanyaga miguu yote miwili taratibu, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sijawahi kuiona hata siku moja uwanjani. Akapiga goti lake bovu, akapenyeza mkono chini ya marejea mpaka kwenye kifundo.

Devota akafunga mwamvuli, akaja kutazama kuna nini.

"Kuna maji huku," Bibi akasema, si kwetu. "Na mimi nilichoma." Kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikukuambia, mama. Nisamehe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia."

Akanyoosha mkono nimwinue. Mkono ulikuwa na udongo mweusi mpaka kwenye mistari ya kiganja. Faustino, ambaye hakuwa amesogea, akauliza kutoka mpakani, "Sasa mama, keshokutwa nije saa ngapi?"

"Kwako njoo saa unayotaka," Bibi Lusia akasema. "Hapa ni pa mke wa Modesti. Ng'oa miti yako."

Faustino akatazama vigingi vyake viwili. Akatutazama sisi. Nafikiri alikuwa anangoja mtu acheke, ili aweze kukasirika. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Akainama, akaving'oa, akaondoka akivipiga kwenye mabuti yake, pwata, pwata, kuelekea kwenye lile shamba lake safi.

Modesti akapasua tikiti kwa goti. Tukakaa mkekani tukala, maji yanatutiririka mpaka viwikoni, na Devota akala vipande vitatu huku akitazama nyuma yake kama guruguru yupo. Bibi alipomaliza akakusanya maganda. Kisha akaona vijani vya marejea vimemwagika pale tulipopita, nje kidogo ya mkeka, na mkono wake ukauchukua ufagio wenyewe.

Chwa.

Antonia akaweka ganda lake chini, akaenda akaushika ule ufagio kwa mikono yote miwili.

"Bibi, huku usifagie."